Nyumba za mawe za Dar es Salaam: yanayosemwa na yaliyomo ukutani

"Boma la Kale lilijengwa na Wajerumani." Jina ndilo linaloponza watu. Jengo lile la kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro lilijengwa mwaka 1866–67 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Wajerumani walifika 1887, wakalikuta limesimama. Mlango wake wa nakshi za Kizanzibari peke yake unatosha kumsuta mbishi.

"Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya ubahili." Lawama hiyo ni ya boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na boriti ikipita kama mita tatu huanza kulegea. Basi chumba hurefushwa upendavyo, ila upana hugomea hapo. Ncha za boriti humezwa na ukuta wa unene wa karibu nusu mita, jambo ambalo waliolisahau wamelilipia.

"Ukuta ukimenyeka, piga saruji, ni imara zaidi." Hii ndiyo inayoua nyumba. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sifongo, hufyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Maji yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, nayo ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Unyevu ukizifikia ncha za boriti, zinaoza kimyakimya huku nje rangi ikimeremeta. Mwenye nyumba hujua siku dari inapobonyea.

Bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, mashine iache, kisha ukuta ukauke. Chokaa izimwe kwa maji na kulazwa shimoni wiki kadhaa. Changanya debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga wa mtoni. Ule wa ufukweni unarudisha chumvi ileile. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita moja, funika kwa magunia mabichi. Likikaushwa haraka na jua letu, litapasuka. Fundi anayeahidi kumaliza kwa siku mbili, mpe kazi nyingine.

"Jengo la zamani linalindwa na sheria." Si lazima. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na hata Boma la Kale, la 1866–67, ni la baada ya hapo. Mengine yote hayalindwi hadi yatangazwe kwenye Gazeti la Serikali.