Ndege vita ikianguka maonyeshoni, si lazima iwe mbovu

Vijiweni Arusha, video ya MiG-29, ndege vita ya Kisovieti, ikianguka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1989 huishia kwa hukumu moja: ndege mbovu. Hapana. Ilikuwa chini, mwendo mdogo, pua juu, mkao wa kuringia watazamaji. Injini ya kulia ikameza ndege (yule wa manyoya), msukumo ukabaki upande mmoja, ikapinduka. Kimo cha kuirekebisha hakikuwepo. Rubani Anatoly Kvochur alifyatuka na kiti sekunde chache kabla ya kishindo, akapona. Kiti chenyewe, K-36, kikapata tangazo lisilonunulika.

Mchezo huohuo ukichezwa Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi hupunguza msukumo, na kila mzunguko hudai nafasi kubwa zaidi.