Mgeni njoo, masista wapone

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Nakaa na maiki nyuma ya pazia la kanga hapa Bagamoyo, Wazungu wanafungua midomo, Kiswahili natoa mimi. Na katika zote zilizopita mikononi mwangu, vichekesho vya masista ndivyo ninavyovijua hata kabla havijaanza. Ukishatafsiri vitatu, cha nne unakitabiri.

Mtu anaingia konventi kwa sababu isiyohusiana na sala hata chembe. Kwenye Sister Act ya 1992, Deloris, mwimbaji wa kumbi za starehe za Reno, anashuhudia bwana wake akiamuru mtu auawe. Polisi wanamficha kwa masista San Francisco. Kwenye Nuns on the Run, ya Uingereza, 1990, ni wanaume wawili, majambazi kabisa, wanawakimbia wenzao na kuvaa shungi. Kwenye Lilies of the Field ya 1963, Sidney Poitier anasimama Arizona kuomba maji ya rejeta tu. Mama Mkuu akimtazama, anaona fundi aliyeletwa na Mungu. Jamaa anaishia kuwajengea kikanisa bure, kwa chai ya asubuhi yenye yai moja! (Oscar alipata, lakini. Mwanaume mweusi wa kwanza kuichukua kama mwigizaji mkuu.)

Sisi mchezo huu tuna jina lake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Deloris kaja kujisitiri mwenyewe, kumbe kwaya iliyokuwa ikilia kama mbuzi ndiyo inayopona, na kanisa tupu linajaa watu wa mtaani.

Wengi hudhani kicheko kinatoka kwa mgeni. Mimi nasema kinatoka kwa Mama Mkuu. Whoopi Goldberg, ndiye Deloris, afanye vituko mpaka alfajiri, Maggie Smith, Mama Mkuu wake, asipokunja uso hacheki mtu. Ndiyo maana huyo mama simtafsiri kwa sauti ya kuchekesha. Nampa sauti ya ustadhi wangu wa madrasa, taratibu, kama mtu mwenye bakora mgongoni.

Halafu kuna vazi. Kwa watu wetu, nguo ya kumfunika mtu gubigubi si kichekesho. Kinachochekesha ni aliyemo ndani. Wale majambazi wa Uingereza walipotokea kwenye skrini, mama mmoja muuza mihogo, mwenyewe kajifunga buibui lake vizuri, aliruka kwenye benchi: “Miguu! Jamani tazameni miguu!” Sikuwa na cha kuongeza.

Ila ulionitoa jasho ni wimbo. Deloris anachukua “My Guy”, wimbo wa mapenzi wa Mary Wells wa 1964, anabadilisha neno moja tu, “guy”, mpenzi, anakuwa “God”, Mungu, na masista wanauimba mbele ya altare. Utani wote uko kwenye kufanana kwa yale maneno mawili. Nikijaribu “mpenzi wangu, Mungu wangu”, inakuwa mahubiri. Siku tatu nakula nalo, nalala nalo. Ya nne, naosha vyombo, likaja lenyewe: mume wangu, Mungu wangu. Usiku ule benchi za nyuma walisimama.

The Trouble with Angels ya 1966, aliyoiongoza Ida Lupino, inageuza kidogo. Watundu ni wanafunzi wawili wa bweni, wanaotia sabuni ya povu kwenye bakuli za sukari za masista. Mwishoni, yule kinara wa utundu ndiye anayebaki awe sista. Hapo ukumbi hunyamaza, na mimi nazima maiki.

Bagamoyo wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni 1868, kwa hiyo kwetu sista si kiumbe wa kwenye muvi. Unamkuta sokoni akibishania bei ya changu. Mmoja nilimwonyesha Sister Act kwenye laptopu, nikamwomba anitajie makosa. Alicheka mwanzo mpaka mwisho, akafuta miwani, akaniuliza swali moja tu: “Hizo shungi nyeupe, mwanangu, anazipiga pasi nani?”