Mkubwa wa Jeshi Anapohubiri kwa Cheo Chake

Msimamo mkali wa dini jeshini ukitajwa, wengi wetu tunakumbuka risasi. Tunakumbuka Cairo mwaka 1981, Luteni Khalid Islambouli na wenzake walipomuua Rais Anwar Sadat katikati ya gwaride. Hatari hiyo ni ya kweli na inajulikana. Ninayotaka kuieleza leo ni ile isiyo na mlio wowote, na mfano wake ulio wazi zaidi uko Marekani.

Chuo cha Jeshi la Anga kiko Colorado Springs, mji wenye makao ya jumuiya nyingi za kilokole. Mwaka 2004 makadeti waliingia bwaloni kula wakakuta vipeperushi vya kuwahimiza wakaitazame filamu ya mateso ya Yesu. Mwaka huohuo kocha wa futiboli ya Kimarekani, Fisher DeBerry, alitundika bango katika chumba cha wachezaji, lenye maneno ya kumfanya kila anayeyasoma ajitaje kuwa ni wa “Timu ya Yesu Kristo”. Aliyejitokeza kulalamika hadharani alikuwa mchungaji: Kapteni MeLinda Morton, Mlutheri, kasisi wa jeshi chuoni hapohapo. Mwaka 2005 aliacha jeshi.

Uchunguzi wa Jeshi la Anga mwaka huo ulisema haukuona ubaguzi wa wazi, ila baadhi ya viongozi hawakujali imani za wengine. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa laini mno. Kijana wa miaka 18 amefunzwa tangu siku ya kwanza kukakamaa, kupiga saluti na kutii. Ofisa anayemwalika kwenye maombi ndiye pia atakayeandika ripoti ya mwenendo wake. Atamkatalia vipi? Na akienda shingo upande, hiyo ni ibada gani?

Madhara hayaishii kambini. Mwaka 2003 ilifichuka kwamba Luteni Jenerali William Boykin, mkubwa katika ujasusi wa Wizara ya Ulinzi, alikuwa akihubiri makanisani na sare yake mwilini. Alisimulia vita vya Mogadishu vya 1993 na kamanda wa Kisomali aliyejigamba kwamba Allah angemlinda. Boykin akasema alijua Mungu wake ni mkubwa zaidi, na kwamba wa yule Msomali ni sanamu. Wakati huo majeshi ya Marekani yalikuwa Iraq na Afghanistan, na serikali ilikuwa ikiapa kwamba haipigani na Uislamu. Rais George W. Bush alilazimika kusema maneno yale si msimamo wake.

Januari 2010 likazuka jingine. Darubini za kulengea zilizotengenezwa na kampuni ya Trijicon, na kufungwa kwenye bunduki za askari wa Marekani, zilikuwa na herufi ndogo mwishoni mwa namba ya bidhaa: JN8:12. Ni Yohana 8:12, “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu”. Mfikirie askari wa Kiafghani anayepigana bega kwa bega na Wamarekani hao, Muislamu, anaposikia kilichoandikwa kwenye bunduki ya mwenzake. Adui hahitaji propaganda nyingine. Kampuni ilikubali kuacha kuyaweka maandishi hayo na kutoa vifaa vya kuyafuta.

Askari wa Marekani huapa kuilinda Katiba, na Katiba hiyohiyo inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe wadhifa wa umma. Kanuni ya Jeshi la Anga ya mwaka 2012 ilikwenda mbali zaidi, ikawakataza viongozi kutumia vyeo vyao kuendeleza imani zao. Kusali hakukukatazwa, na makasisi wapo kambini kwa ajili ya anayewahitaji.

Shirika linalopokea malalamiko ya aina hii, lililoanzishwa na Mikey Weinstein, mhitimu wa chuo kile na Myahudi, linasema wengi mno wanaolikimbilia ni Wakristo: Wakatoliki na Waprotestanti walioambiwa na wakubwa wao kwamba Ukristo wao hautoshi.