Kauri za Umeme: Kwa Nini Madini ya Risasi Hayatoki Kirahisi

Majiko mengi ya gesi yana kitufe cha kuwashia kisichotumia betri. Unakibonyeza, kinalia mara moja, cheche inaruka, moto unashika. Ndani yake mna springi, nyundo ndogo ya chuma na kipande cha kauri chenye urefu wa milimita chache tu. Springi inapofyatuka, nyundo inaigonga kauri, nayo kauri inatoa maelfu ya volti kwa kufumba na kufumbua. Umeme wote huo umetokana na nguvu ya kidole chako.

Kauri hiyo ina asili moja na sahani na vigae vya bafuni. Nayo huanza ikiwa unga wa madini, hubanwa ikapata umbo, kisha huchomwa tanurini hadi ikakakamaa. Kinachoitenga ni kazi yake: ikibanwa hutoa umeme, ikipewa umeme hutikisika. Tabia hii huitwa piezoelektriki, na waliotangaza kuigundua ni ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, wakichunguza fuwele za asili, yaani madini ambayo atomu zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja, kama kwatzi na turmalini. Kauri zilikuja baadaye sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Marekani, Japani na Urusi ya Kisovieti, kila kundi kivyake, waligundua kwamba bariamu titaneti ina uwezo wa ajabu wa kuhifadhi chaji, na muda si mrefu ikaonekana kwamba inaweza pia kufanywa piezoelektriki.

Siri iko ndani ya fuwele ndogondogo zinazounda kauri. Katikati ya kila chumba kidogo cha atomu pana atomu moja ya titani ambayo haikai katikati barabara. Imesogea kidogo upande mmoja, na kwa hiyo chumba kina upande chanya na upande hasi. Kauri ikitoka tanurini, vyumba hivyo ni kama abiria wa daladala iliyojaa, kila mmoja kaangalia kwake, na jumla ya yote ni sifuri. Ndiyo maana sisi tunaozitengeneza tunaitumbukiza kwenye mafuta ya moto ya silikoni na kuipitishia umeme mkali, volti elfu kadhaa kwa kila milimita ya unene, mpaka wengi wageukie upande mmoja. Tukiuzima umeme, wengi wao hubaki walivyogeuka. Kabla ya hatua hiyo kauri haina faida yoyote kwenye jiko lako.

Kauri iliyotawala dunia, hata hivyo, ni nyingine: risasi zirkoneti titaneti, ambayo wengi huiita PZT. Mchanganyiko huu ulichunguzwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1954 Bernard Jaffe na wenzake nchini Marekani wakaonyesha penye utamu wake. Ukiweka zirkoni takribani 52 kwa titani 48, unaifikisha kauri kwenye mpaka wa miundo miwili ya fuwele. Hapo atomu haina msimamo mkali. Ukiisukuma kidogo tu inakubali kugeuka. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mpaka huo hauhamihami joto linapobadilika. PZT yenye nguvu asubuhi ya baridi Makete itakuwa na nguvu karibu ileile mchana wa jua kali Dodoma.

Ubaya wake ni kwamba zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni madini ya risasi.

Mfano unaogusa wengi ni mashine ya ultrasaundi anayopimwa mama mjamzito. Kile kichwa ambacho mhudumu anakitelezesha tumboni juu ya jeli kina safu ya vipande vyembamba vya kauri, mara nyingi 128, kila kimoja na waya wake. Kwa kipimo cha ujauzito hutikisika karibu mara milioni 3.5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo unene wa kauri unatakiwa uwe zaidi kidogo ya nusu milimita, kwa kuwa unene ndio unaoamua mtikisiko. Kipande kinatuma sauti, kisha kinanyamaza na kusikiliza mwangwi, na mwangwi huo unakibana kidogo mno kikatoa umeme. Picha ya mtoto mnayoiona kwenye skrini imetokana na umeme huo.

Wahudumu wa zahanati wana la kuzingatia hapa. Kichwa kikianguka sakafuni, vipande kadhaa huweza kupasuka bila ganda la nje kuonyesha alama, na picha ikaanza kuwa na mistari ya giza isiyofutika. Wala kichwa cha kawaida kisitiwe kwenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Joto huachanisha gundi iliyoshika tabaka zake, na likizidi sana hata atomu zilizopangwa hurudia ovyo wake.

Si kila kauri ya umeme ina risasi. Simu yako ina mamia ya kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) za bariamu titaneti, pengine zaidi ya elfu, ndogo kama chembe za mchanga. Ndani ya soketi nyingi za kukinga friji na televisheni mna kidonge cha oksidi ya zinki, teknolojia iliyokuzwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila mpaka kati ya punje mbili za kauri hiyo huzuia takribani volti 3, kwa hiyo unene wa kidonge ndio unaopanga kiasi cha volti kitakachohimiliwa. Umeme ukizidi hapo, kidonge hufungua njia na kuumeza. Lakini huchakaa kwa kila pigo, na taa ya soketi inaweza kuendelea kuwaka ilhali kinga imeshakwisha. Radi kubwa ikipiga jirani, nunua soketi nyingine.

Turudi kwenye risasi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2003 sheria ya kuzuia risasi katika vifaa vya umeme, ikaanza kutumika mwaka 2006, na tangu mwanzo kauri za elektroniki zilisamehewa. Sababu ni kwamba mbadala haukuwapo. Sisi Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa ubaya wa risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa ushindi wa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata hivyo tupime mambo kwa kiasi chake. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi, kitufe cha jiko kina gramu chache au pungufu. Hatari ya kauri hizi iko zaidi kiwandani zinakotengenezwa, na jalalani zinakopondwa na kuchomwa pamoja na takataka nyingine.

Mgombea anayetajwa sana kushika nafasi ya PZT ni kauri ya potasiamu, sodiamu na metali iitwayo niobi. Mwaka 2004 watafiti wa maabara kuu ya Toyota nchini Japani walitangaza kauri ya ukoo huu iliyotoa pikokulombi 416 (kipimo kidogo sana cha chaji ya umeme) kwa kila nyutoni ya nguvu. Ya kawaida isiyoboreshwa hutoa kama 80 hadi 100, na PZT nyingi ziko kati ya 300 na 600. Habari ile iliamsha maabara dunia nzima. Sifa yao kubwa ilikuwa kuzilaza punje zote za fuwele zielekee upande mmoja, kazi ya ustadi mkubwa, na waliongeza pia lithiamu, tantali na antimoni. Antimoni yenyewe haina jina zuri kiafya.

Kuitengeneza kunahitaji uvumilivu. Kaboneti ya potasiamu inakunywa unyevu wa hewani, na mtu wa pwani anajua unyevu ni nini. Usipoikausha usiku kucha kwenye oveni ya nyuzi joto 200 na kuipima ingali na joto, utakuwa umepima maji ukadhani umepima potasiamu. Tanurini tunalenga nyuzi joto 1,100 hivi. Pungufu ya hapo, kidonge kinabaki na matundu. Zidisha kidogo, kinaanza kuyeyuka. Na kile ambacho uwiano wake ulikosewa hutoka kizima, kikakaa rafuni siku kadhaa, kisha kikaanza kumomonyoka chenyewe kwa unyevu.

Hayo yanatibika. Kigumu zaidi ni mpaka wake: tofauti na ule wa PZT, huu unahama joto linapobadilika. Kauri inaweza kung'ara maabara ikiwa nyuzi 25, ikafika nyuzi 60 ndani ya mashine inayofanya kazi na kupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Ndiyo maana kila ninaposoma tangazo la kauri mpya yenye namba kubwa, kwanza natafuta mchoro unaoonyesha namba hiyo inavyokwenda joto likipanda. Mara nyingi haupo.

Kisha kuna suala la niobi inakotoka. Sehemu kubwa ya niobi ya dunia huchimbwa Brazil, lakini Tanzania inayo akiba kule Panda Hill, Mbeya, Kenya inayo Mrima, Kwale, na koltani ya Kivu hubeba niobi pamoja na tantali. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha hesabu ya madhara tangu mgodini hadi kauri iliyokamilika, wakaona kwamba kwa vipimo kadhaa vya mazingira kauri ya niobi ina mzigo mkubwa kuliko PZT, hasa kwa sababu ya uchimbaji na usafishaji wa niobi. Matokeo hayo hayaisafishi risasi. Yanatulazimu kuacha kuandika "rafiki wa mazingira" juu ya kila kauri isiyo na risasi.

Kwa maoni yangu, mabadiliko yaanzie kwenye vitu vya bei ndogo vinavyotupwa ovyo: viwashio vya gesi, ving'ora vya vifaa vya nyumbani, midoli inayolia. Huko nguvu ya wastani inatosha na joto halibadiliki sana. Vichwa vya ultrasaundi vitachelewa. Vile vipya vya bei ghali vimehamia kwenye fuwele moja nzima badala ya kauri, na fuwele hizo nazo zina risasi.