Salfa, nikeli na ng'ombe wa mjomba

Jioni moja kijijini Mvumi, nimeegemea zizi, mjomba akaniuliza: "Mpwa wangu, wewe si ndiye wa kemia? Hiyo gesi ya ng'ombe mnayoisema, methani, inatokea nyuma?" Nikamwambia asubiri. Punde ng'ombe aliyekuwa akicheua akanyoosha shingo, akabeua. "Hiyo hapo. Nyingi inatokea mdomoni." Mjomba alicheka hadi fimbo ikamponyoka.

Methani hiyo hutengenezwa na arkea, vijidudu vya tumbo la kwanza visivyovumilia oksijeni. Kimeng'enya chao cha mwisho, protini inayoikamilisha kazi hiyo, kina nikeli katikati ya pete ya atomi iitwayo F430, kwa kuwa hufyonza mwanga wa nanomita 430. Nikiwa masomoni niliwahi kusahau kukaza kifuniko cha kichupa cha kimeng'enya hicho: kijani kikageuka njano nikitazama. Oksijeni imeinyang'anya nikeli elektroni moja, kazi ya wiki nzima kwisha.

Kila kitu kinategemea elektroni hiyo. Methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, hufika ikiwa imeshikamana na salfa ya koenzimu M, molekuli ndogo inayosaidia kimeng'enya. Nikeli huidaka salfa, methili ikabaki peke yake: radikali, yenye elektroni isiyo na mwenzi. (Zamani wengi waliamini nikeli hudaka methili yenyewe, majaribio yaliyochapishwa 2016 yalikuta imeshika salfa.) Methili hupokonya hidrojeni kwenye salfa ya msaidizi mwingine, koenzimu B, inakuwa methani, inaondoka zake.

Balaa sasa liko kwa salfa ya pili, ile ya koenzimu B, iliyobaki nayo na elektroni isiyo na mwenzi. Radikali ya salfa ikiachwa ovyo ndani ya protini hushambulia majirani. Hapa haipewi nafasi: inaungana na salfa iliyoshikwa na nikeli, na elektroni inayozidi inakaa kitambo kidogo mno kati ya salfa hizo mbili, kisha inarudi kwa nikeli. Huwa nawaambia wanafunzi ni mkopo wa vikoba: umetoka, umezunguka, umerudi sandukuni, mwanachama mwingine aje.

Ipo molekuli, 3-NOP, inayofanana kwa umbo na koenzimu M yenye methili. Huingia mahali pake na kuichukua elektroni ya nikeli moja kwa moja. Ng'ombe akilishwa hiyo 3-NOP, methani hupungua kwa takriban asilimia 30.

Mjomba alisikiliza yote, akauliza inapatikanaje huko machungani. Nikasema inachanganywa kwenye pumba, kila siku.

"Basi hiyo ni ya ng'ombe wa mjini," akasema, akaenda kufunga zizi.