Kitenzi "traverse" si "cross" ya wasomi

Wengi wanaojifunza Kiingereza wameamini kwa muda mrefu kwamba "traverse" ni namna ya kisomi ya kusema "cross" (kuvuka), na kwamba anayeitumia kila mara anaonyesha umahiri. Imani hiyo si sahihi. Kitenzi hicho, kilichoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale na ambacho asili yake ni Kilatini, hubeba wazo la kulipita eneo zima tangu ukingo mmoja hadi mwingine, mara nyingi kwa safari ndefu au yenye taabu. Ndiyo maana hupatana vizuri na jangwa, bara au safu ya milima, ilhali hakifai kwa barabara ya hatua kumi. Mtu akisema "I traversed the road", ataeleweka, lakini msikilizaji atashangaa kidogo, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida alitarajia "crossed".

Kosa jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kuongeza "across" baada yake. Maana ya kuvuka imo tayari ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo husemwa "they traversed the desert", yambwa, yaani kile kinachovukwa, ikifuata moja kwa moja.

Hata hivyo, wapo wanaokihitaji kazini. Wapanda milima hukitumia kwa maana ya kuukata mteremko kwa upande badala ya kuupanda wima, na waandishi wa programu za kompyuta hukitumia wanapoeleza jinsi ya kuvipitia vipengele vyote vya muundo wa data, yaani mpangilio wa kuhifadhi taarifa ndani ya programu, kimoja baada ya kingine.