Je, wajua asali ya Tabora huzungusha mwanga kushoto, na sukari ya dukani huuzungusha kulia?

Koroga vijiko kadhaa vya asali ya miyombo kutoka Sikonge, mkoani Tabora, kwenye glasi ya maji, na sukari ya dukani kwenye glasi nyingine. Zote ni tamu, na ndani ya zote mna vipande vilevile viwili: glukosi na fruktosi. Lakini ukizipeleka kwenye maabara yenye polarimita, maji ya sukari yatauzungusha mwanga kulia na maji ya asali yatauzungusha kushoto. Inakuwaje?

Tuanze na huo mwanga. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote kwa wakati mmoja. Ukipita kwenye kichujio maalumu hubaki ule unaotikisika kwenye bapa moja tu. Mwaka 1815 Mfaransa Jean-Baptiste Biot aligundua kwamba mwanga wa namna hiyo ukipita ndani ya vimiminika fulani, maji ya sukari yakiwemo, bapa lake hugeuka. Polarimita ni mrija wenye kichujio kila upande, nayo hupima bapa limegeuka kwa nyuzi ngapi. Kulia ni kufuata mshale wa saa, kwa mtu anayeutazama mwanga ukimjia. Hapo namba hupewa alama ya kujumlisha. Kushoto hupewa ya kutoa.

Asiye na polarimita anaweza kuonja kidogo mambo haya kwa kompyuta mpakato na miwani ya jua ya kukata mng'ao, ile wanayoipenda madereva wa safari ndefu. Fungua ukurasa mweupe, shika miwani mbele ya kioo cha kompyuta na uizungushe taratibu: kuna pembe ambayo kioo huwa cheusi kabisa. Kompyuta nyingi hutoa mwanga ambao tayari umeshachujwa, ndiyo maana. Ibakize miwani kwenye pembe hiyohiyo, kisha ingiza katikati chupa ya maji ya sukari mazito, kama ya kutengenezea sharubati. Giza linaondoka, zinakuja rangi, nazo zinabadilika kila ukigeuza miwani. Kwa asali jaribio hili ni gumu zaidi. Inageuza mwanga kidogo tu, na ya miyombo mara nyingi ni nyeusinyeusi hivi kwamba mwanga unafia njiani. Ichuje, iongezee maji, na usitarajie maajabu.

Chanzo cha kugeuka huko ni umbo la molekuli. Mwaka 1848 Louis Pasteur, akiwa na umri wa miaka 25, alitazama fuwele za chumvi ya asidi inayopatikana kwenye mapipa ya mvinyo, akaona ni za aina mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo. Akazitenga moja moja kwa kibano. Alipoziyeyusha, kundi moja liligeuza mwanga kulia na jingine kushoto, kwa kiasi kilekile. Maelezo yalipatikana mwaka 1874, pale wanakemia van 't Hoff wa Uholanzi na Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waliposema kwamba viungo vinne vya kaboni, yaani mikono yake ya kushikia atomi nyingine, vimeelekea pande nne angani, havikulala bapa kama tunavyovichora ubaoni. Kaboni ikishika vitu vinne visivyofanana, kuna namna mbili za kuvipanga. Zinafanana kama ndala ya kushoto na ya kulia: kipimo kimoja, mpira uleule, lakini huwezi kuilaza moja juu ya mwenzake zikalingana.

Glukosi ina kaboni nne za namna hiyo, kwa hiyo fomula yake ikiwa katika mnyororo inaruhusu mipangilio 16. Mmoja tu kati ya hiyo ndiyo glukosi inayotembea kwenye damu yetu. Taswira yake ya kioo imeshatengenezwa maabara. Ulimi unaionja tamu, lakini mwili hauwezi kuichoma upate nguvu, kwa sababu vimeng'enya vyetu navyo vina upande.

Sasa turudi kwenye mzinga. Kwa kipimo sanifu cha maabara, glukosi peke yake hugeuza mwanga kwa takribani nyuzi +53. Fruktosi hugeuza kwa takribani −92. Zikishikana mbilimbili zinakuwa sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya dukani, na sukrosi ni +66.5. Mbochi wa maua huwa na sukrosi, mara nyingi kwa wingi. Nyuki akiubeba tumboni huuchanganya na kimeng'enya kinachoikata sukrosi vipande viwili. Hapo fanya hesabu: nusu ni +53, nusu ni −92, wastani unakaribia −20. Tulianza kulia, tumeishia kushoto, na hakuna kilichoongezwa isipokuwa maji kidogo ya kukatia kile kiungo. Asali halisi huwa na fruktosi nyingi kidogo kuliko glukosi, pamoja na sukari nyingine zinazovuta kulia, hivyo namba yake haiangukii −20 kamili. Ila asali itokanayo na maua kwa kawaida hubaki kushoto.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) huteleza. Wanasoma kwamba glukosi na fruktosi za asili zote ni za familia ya D, halafu wanahitimisha kwamba zote zinageuza mwanga kulia. Sivyo. Herufi D inaeleza mpangilio wa kaboni moja tu, ya tano, na katika sukari hizi mbili kaboni ya tatu, ya nne na ya tano zimepangwa sawasawa kabisa. Zinatofautiana juu tu, kwenye kaboni ya kwanza na ya pili. Mwanga wenyewe hauijui hiyo D. Unasikiliza molekuli nzima, kwa hiyo alama ya + au − hupatikana kwa kupima, haisomwi kwenye mchoro.

Mafuta ni habari nyingine. Mawese ya Kigoma yana kaboni zenye upande katika baadhi ya molekuli zake, lakini minyororo iliyoning'inia pande zote mbili inakaribiana mno kiasi kwamba polarimita huona karibu sifuri. 

Je, polarimita inaweza kumnasa anayechakachua asali? Wa kumwaga sukari ya kawaida, ndiyo: namba inasogea kulia. Kwanza acha maji ya asali yakae usiku mzima, maana glukosi iliyotoka kwenye fuwele hubadilisha umbo polepole ndani ya maji na namba hutangatanga hadi itulie. Kuganda kwa asali kusikutishe. Ni glukosi inayojitenga kwa kuwa haiyeyuki vizuri kama fruktosi. Na lile jaribio la sokoni la kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha, nijuavyo mimi, likipima kitu basi linapima wingi wa maji tu.

Mjanja zaidi huichemsha sukari na asidi kidogo, ikakatika vilevile kama tumboni mwa nyuki, na polarimita ikadanganyika. Huyo hunaswa kwa kaboni yenyewe. Miwa, kama mahindi, hujenga sukari kwa njia inayobakiza kaboni 13, ile nzito, kwa wingi kidogo kuliko miti ya miyombo. Asidi inaweza kukata sukrosi, lakini haiwezi kubadili kaboni ya muwa ikawa ya mti, na mashine ya kupima uzito wa atomi huiona tofauti hiyo hata asali ikiwa imegeuza mwanga kushoto vizuri kabisa.